Usukani wa kulia: Kombi ya babu na barabara za Rwanda

Katika banda la mabati nyuma ya nyumba ya mjomba wangu, Kicukiro, kuna Volkswagen Kombi ambayo kwa miaka mingi ilikuwa makazi ya kuku. Tangu mwaka 2022 mjomba amekuwa akiifungua kipande kwa kipande ili aiunde upya. Mimi niliitwa kwanza kushika tochi tu, kisha nikapewa daftari niandike kila kinachotolewa, ili tusisahau nati ipi inarudi wapi. Nasoma historia chuoni, lakini sikutegemea kwamba daftari lile la nati lingenifunza kazi hiyo. Sababu ni kwamba gari lilianza kubishana na familia yetu.

Nyumbani tumekuwa tukisimuliwa hivi. Babu aliinunua Kombi mjini Kampala katika miaka ya 1980, kutoka kwa wamishonari, ikiwa karibu mpya. Akaifanya teksi. Mwishoni mwa mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi kukomeshwa, akaipakia familia nzima na kurudi Rwanda kupitia mpaka wa Gatuna. Babu alikuwa ameondoka nchini akiwa kijana, katika wimbi la wakimbizi lililoanza mwaka 1959. Sehemu kubwa ya simulizi hiyo sina sababu ya kuitilia shaka. Ila "karibu mpya" haisimami.

Tulipokwangua kutu kwenye namba ya chesisi ilionekana inaanza na 2342. Katika Kombi za miaka ile, tarakimu mbili za kwanza hutaja aina ya gari, ya tatu hutaja mwaka wa modeli, na ya nne hutaja muongo. Kwa hiyo hii ni modeli ya 1974, na kwa kuwa kiwanda kilikuwa kinaanza modeli ya mwaka unaofuata kila Agosti, ilitengenezwa kati ya Agosti 1973 na katikati ya 1974. Indiketa za mbele zinakubaliana na namba: ziko juu, kando ya matundu ya hewa, wala si chini karibu na bampa kama zilivyokuwa kabla ya mabadiliko ya mwaka 1972. Babu alipoinunua, basi, ilikuwa na miaka kumi na zaidi. Nilimwambia mjomba hivyo kwa furaha ya mwanafunzi aliyepata jibu. Hakufurahi.

Kisha likaja suala la paa. Chini ya tabaka nne za rangi na puti nyingi mno tulikuta bati la mraba lililofungwa kwa ribiti na kuchomelewa pembeni. Mahali hapo palikuwa na tundu kubwa, la mtu kusimama na kutoa kichwa nje. Gari lenye paa la namna hiyo halikutengenezewa kupeleka masista kanisani. Katika miaka ya 1970 Kombi zenye mapaa ya kufunguka zilikuwa zikiwazungusha watalii katika mbuga za Kenya, na yetu ina usukani wa kulia kama zile. Inawezekana wamishonari walikuwapo baadaye, kati ya watalii na babu. Tundu halikanushi hilo. Mjomba aliliangalia bati lile kwa muda, kisha akasema, "Basi wamishonari hao walikuwa wanapenda simba."

Nilivyozidi kuandika ndivyo nilivyoona kwamba sehemu zilizo bora kwa mwanahistoria ndizo zile ambazo fundi angezitupa. Kiwanda cha Hannover, kilichokuwa kikitengeneza magari haya tangu mwaka 1956, kilitumia nati za vipimo vilivyo sawa. Kwetu kuna nati za kila kabila. Nyenzo ya gia imeungwa kwa kipande cha nondo. Mpira mmoja wa kuzuia mafuta umekatwa kwa mkasi kutoka tairi la ndani, na alama za mkasi bado zinaonekana. Haya ni maandishi ya Uganda baada ya mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia ambao wengi wao ndio walioendesha maduka na biashara ya vipuri. Bidhaa zikaadimika, magendo yakawa njia ya kawaida ya kupata kitu, na mafundi wa mitaa kama Katwe pale Kampala wakajifunza kutengeneza kwa mkono kile ambacho hakikuja tena kwa meli. Katika vitabu vya uchumi nilikuwa nimesoma kuhusu kipindi hicho. Sikuwa nimewahi kukishika mkononi, kikiwa cheusi kwa grisi.

Hata majina ya vipande yalitugawa. Mjomba, aliyekulia Kampala, husema spea na breki. Fundi anayekuja kutoka Biryogo kutuchomelea husema piyese na feri, maneno yaliyopitia Kifaransa. Wakishindwa kuelewana kabisa hugeukia Kiswahili, ambacho fundi huyo alikipata nyumbani, Biryogo ikiwa moja ya mitaa ya Kigali ambako lugha hii ilikuwa ya wenyeji zamani sana kabla haijafanywa lugha rasmi ya nchi mwaka 2017. Nimesikia Kiswahili kikisifiwa kwenye makongamano kama lugha ya umoja. Pale bandani kilikuwa lugha ya kuulizana nani ameficha spana namba kumi na tatu.

Sasa nifike kwenye usukani, maana ndio uliotaka kuvunja kazi yote.

Rwanda huendesha kulia, na magari yake kwa kawaida huwa na usukani wa kushoto. Uganda, Tanzania na Kenya ni kinyume. Si jambo la asili. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Rwanda, Burundi na Tanganyika zilikuwa koloni moja la Ujerumani. Mwaka 1916 majeshi ya Ubelgiji yaliingia Kigali, na baada ya vita Ruanda-Urundi ikabaki mikononi mwa Wabelgiji na Tanganyika ikaenda kwa Waingereza. Kila mkoloni akaleta desturi yake ya barabara. Dereva akivuka leo kutoka Katuna ya Uganda kwenda Gatuna ya Rwanda, mahali anapobadilisha upande ndipo milki mbili zilipokutana.

Mwaka 1994 na miaka iliyofuata, Wanyarwanda waliokuwa uhamishoni walirudi na magari yao, na magari ya usukani wa kulia yakawa ya kawaida katika barabara za kulia. Katikati ya miaka ya 2000 serikali ilizuia uingizaji wa magari hayo kwa sababu za usalama. Baada ya nchi kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na Jumuiya ya Madola mwaka 2009, ilizungumzwa hata habari ya kuhamishia nchi nzima upande wa kushoto. Haikufanyika.

Mjomba alitaka kuuhamishia usukani kushoto. Hoja yake ilikuwa nzito: anataka gari la kutembea, la kuwapeleka watoto Musanze, wala si sanamu. Dereva aliyekaa kulia katika barabara ya kulia haoni mbele anapotaka kulipita lori, na barabara zetu ni za milima na kona. Alikuwa ameshanunua mtambo wa usukani wa kushoto, umefungwa kwa gazeti, uko chini ya meza ya jikoni. Mke wake alikuwa anausogeza kila anapofagia.

Mimi nilipinga. Nilisema kwamba tukikata sakafu ya mbele na kuziba matundu ya pedali tutakuwa tumefuta ushahidi pekee ambao mtu yeyote anaweza kuusoma bila daftari langu. Nikaongeza kwamba gari lenyewe litakataa, kwa sababu Kombi ya usukani wa kulia ina mlango wa abiria ubavu wa kushoto. Hata tukihamisha usukani, mlango ule wa kusukuma utaendelea kufungukia katikati ya barabara ya Rwanda, na watoto wa Musanze watashukia huko.

"Mpwa wangu," alisema, "wewe unataka kuandika. Mimi nataka kufika."

Sikuwa na jibu la maana, na kusema kweli bado sina. Mwanahistoria akishinda hoja na mtu akapata ajali, ushahidi uliohifadhiwa ni wa nini? Kwa wiki tatu hatukufanya kazi yoyote ya mbele. Tulishughulikia injini, ambayo iko nyuma na inapozwa kwa hewa, kwa hiyo haikuwa na rejeta ya kugombania.

Bibi ndiye aliyelimaliza, bila kuulizwa. Jumamosi moja baada ya umuganda alikuja bandani, akataka kiti cha mbele cha kushoto kirudishwe mahali pake ili akae. Tulikiweka juu ya sakafu iliyo wazi, bila bolti. Akakaa. Halafu akaanza kueleza jinsi walivyotoka Gatuna kwenda Kigali siku ile ya 1994, mama yangu akiwa mapajani mwake. Babu hakuwa amewahi kuendesha upande wa kulia. Kila walipofikia lori, yeye bibi, aliyekaa upande wa katikati ya barabara, ndiye aliyeinama kuchungulia mbele. Akisema "Ngaho" babu anapita. Akinyamaza babu anangoja. Walifanya hivyo miaka yote waliyoifanya Kombi twegerane, mpaka Hiace za Toyota zikawaondoa barabarani. Katika simulizi zote za familia babu ndiye aliyetuleta nyumbani. Hakuna aliyewahi kusema kwamba nusu ya njia aliendesha kwa macho ya mkewe.

Niliandika hayo katika daftari la nati, ukurasa uleule wenye orodha ya bolti za kiti.

Mtambo wa kushoto umeuzwa. Mjomba ameongeza kioo kikubwa cha pembeni, na amekubali kwamba Kombi haitakwenda safari bila mtu mzima kukaa mbele kushoto. Sakafu ya mbele imeshachomelewa, rangi bado, na bati la paa tumeliacha na ribiti zake.