Jumanne isiyoprintika na Alhamisi yetu ya Kakamega

Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, Oktoba 14, 2025, fundi mmoja wa saiba hapa Kakamega mjini halali mapema. Mashine zake ni kuukuu, Windows 11 hazikubali, na mpya hana pesa za kununua. Basi kila jioni wateja wakipungua hufuta mashine moja na kuiwekea Linux, mfumo huria. Mimi nilikwenda kuprinti barua ya kurasa mbili. Niliondoka baada ya saa nzima na daftari limejaa.

"Mwalimu, watu wetu wanajua kulalamika," aliniambia huku akipangusa kibodi kwa kitambaa. "Lakini lalamiko linaishia hapa kaunta. Hakuna anayeandika."

Kwa fundi huyu, historia ya programu huria ni historia ya malalamiko yaliyoandikwa. Mnamo 1994 Ian Jackson aliuundia mradi wa Debian, aina ya Linux, mfumo wa kupokea kasoro kwa baruapepe, kila moja na namba yake, na yeyote duniani akiweza kuisoma. Mwaka 1998 ikaja Bugzilla, kazi ya Terry Weissman wa Netscape, na miradi mingi ikaichukua. Mwenye ombi la kuongezewa kitu naye hupanga foleni hiyo hiyo. Debian humweka katika daraja la matamanio. Agosti 20, 2004, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini aliandika kasoro namba 1 ya Ubuntu, Linux nyingine: kwamba Microsoft imeshika sehemu kubwa ya soko. Aliifunga Mei 30, 2013, simu na tableti zikiwa zimeshabadilisha mchezo wenyewe.

Hayo aliyapitia mbiombio. Alichotaka kunisimulia ni Jumanne.

Mwaka 2009 mtumiaji mmoja wa Ubuntu aliandika kwamba mkewe analalamika: OpenOffice haiprinti siku ya Jumanne. Wewe ungejibu nini? Fundi anakiri kwamba yeye angemuuliza mama huyo kama amechomeka waya. Lakini mke aliketi akamwonyesha mumewe, na kweli, Jumanne karatasi haikutoka. Programu nyingine ziliprinti vizuri.

Kwa kuwa lalamiko liliandikwa, watu wakalifuatilia hatua kwa hatua. Kabla ya kuprinti, kompyuta iliuliza programu ndogo iitwayo "file": hili ni faili la aina gani? Programu hiyo ina orodha ya alama za kutambulia. Alama mojawapo, ya faili za zamani za lugha ya kompyuta ya Erlang, ilikuwa tarehe nzima ya Jumanne moja, Januari 22, 1991. Aliyeiandika alisahau kuilinda nafasi iliyofuata neno la kwanza, kwa hiyo mashine ikasoma herufi tatu tu: Tue, kifupi cha Jumanne kwa Kiingereza. Hati ya kuprintiwa nayo ilibeba tarehe ya siku ilipotengenezwa. Ikifika Jumanne, hati ya mama ikahesabiwa kuwa ya Erlang na printa ikaikataa. Kumbe mama hakukosea hata kidogo.

Huku kwetu, Kiswahili kilipata watu wa kukisemea. Desemba 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice ya Kiswahili, na Jason Githeko wa Chuo Kikuu cha Egerton alitengeneza kikagua tahajia. Microsoft ikaleta Kiswahili chake baadaye.

Kiluhya je? Fundi alinifungulia hifadhidata ya Unicode, ambamo programu nyingi huria huchota majina ya siku na miezi. Kimo, kwa jina la Luluhia. Nikasoma kwa sauti: Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Murwa wa Kanne, Murwa wa Katano. Tatu, nne, tano, halafu nne tena, tano tena! Waswahili huanza kuhesabu Jumamosi. Siku mbili hizi za Kiluhya zimehesabiwa kuanzia Jumatatu. Na kifupi cha Murwa wa Kanne ni "Al", ya Alhamisi.

Tuna Chuo Kikuu cha Masinde Muliro mjini humu, chenye wanafunzi wa kompyuta na wa lugha. Inanikera kwamba siku zetu zinahesabiwa hivyo na sisi tunapita tu.

Ila ugomvi wa Kiluhya kipi kiandikwe ni mkongwe kuliko kompyuta. Katika miaka ya 1940 kamati ya lugha, akiwemo mmishonari L. L. Appleby wa shirika la CMS, ilijaribu kuzikusanya lahaja za Waluhya ziwe lugha moja ya maandishi. Wabukusu na Walogooli walikataa kumezwa, na Walogooli wakapata Biblia yao nzima mwaka 1951.

Jioni ile fundi alifungua fomu ya kuripoti. Kasoro: siku hazifuatani. Alijaza upesi. Kisha fomu ikauliza Alhamisi iandikweje. Mzee aliyekuwa akisubiri fotokopi, Mwisukha wa Khayega, akatoa neno lake. Mama wa Mumias akamkatiza: hivyo sivyo Wawanga wasemavyo.

Fundi aliondoa mkono kwenye kibodi. "Niandike la nani?"