Sonona: Jina la Ugonjwa, Majirani Zake na Tiba Yake

Sonona ni ugonjwa wa hisia unaomtia mtu huzuni nzito, au unaomwondolea hamu ya mambo yote, kwa muda usiopungua wiki mbili, hadi akashindwa kufanya kazi, kusoma au kutunza nyumba kama alivyozoea. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa watu zaidi ya milioni 280 wanaishi nao. Wanawake huupata zaidi kuliko wanaume, na miongoni mwa wajawazito na waliojifungua karibuni hupatikana kwa zaidi ya mmoja katika kila kumi. Ugonjwa ulioenea hivyo umechelewa kupata jina moja katika Kiswahili. Tanzania husema sonona. Kenya hutumia zaidi mfadhaiko, unyogovu au huzuni. Na vijana wa mijini, Nairobi hata Dar es Salaam, hujisemea depresheni.

Kitenzi kilichogeuka jina

Kwa asili sonona ni kitenzi. Kusononeka ni kuumia moyoni, kusononesha ni kumtia mwingine uchungu huo, na masononeko ni uchungu wenyewe. Kiswahili kinapounda nomino kutokana na kitenzi huongeza kiambishi mwanzoni na mara nyingi hubadili irabu ya mwisho: cheka huzaa kicheko, lia huzaa kilio, songa huzaa msongo, fadhaika huzaa mfadhaiko. Sonona haikupita njia hiyo. Imechukuliwa ilivyo, ikatiwa katika ngeli ya I-ZI, na sasa husemwa sonona hii, sonona kali, sonona inatibika.

Kasoro hiyo ya umbo imeleta faida katika maana. Anayesema “amesononeka” anazungumzia moyo ulioumizwa na jambo fulani, na msikilizaji hutarajia kuambiwa ni jambo gani: ameachwa, amefiwa, ametukanwa mbele za watu. Anayesema “ana sonona” anataja ugonjwa, na kitenzi kinachotumika ni kile kile cha “ana malaria” au “ana kisukari”. Neno moja linatoa hisia kwa upande mmoja na maradhi kwa upande wa pili, na sarufi yenyewe inatenga viwili hivyo.

Utengano huo unahitajika kwa sababu Kiswahili hakina uhaba wa majina ya huzuni. Kuna majonzi, simanzi, jitimai na ukiwa, kila moja na uzito wake. Yote ni mapito ya binadamu mwenye afya. Mfiwa anayelia siku arubaini hana ugonjwa. Akipata habari njema au kumwona mjukuu, uso hukunjuka japo kwa muda. Kwa mwenye sonona kali habari njema hupita kama haikusemwa.

Majina mengine yanayoshindana na sonona yana mapungufu. Mfadhaiko, kutokana na kufadhaika, unabeba picha ya mtu aliyechanganyikiwa na kutahayari, ilhali wengi wenye ugonjwa huu wamepoa na kunyamaza. Unyogovu masikioni mwa wengi unakaribiana na ulegevu, na mgonjwa ambaye tayari anajilaumu kwa kushindwa kuinuka kitandani hahitaji jina linalomwita mlegevu. Tafsiri ya moja kwa moja ya jina la Kiingereza nayo isingefaa. Jina hilo limetokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kukandamiza chini, na Waingereza hulitumia pia kwa uchumi ulioanguka, hewa na ardhi iliyobonyea. Kiswahili kimeyagawa hayo: mdororo wa uchumi, mgandamizo mdogo wa hewa, bonde. Ilikuwa haki ugonjwa nao upate lake.

Majirani wanaochanganywa nayo

Jirani wa karibu ni msongo wa mawazo. Huu ni mwitikio wa mwili na akili kwa mzigo unaojulikana, kama deni, mtihani au kesi mahakamani, na mara nyingi hupungua mzigo ukitua. Msongo wa muda mrefu unaweza kuanzisha sonona, lakini sonona huweza kuendelea hata deni likishalipwa.

Wasiwasi ni neno la Kiarabu lenye maana ya kunong’onezwa mambo moyoni. Katika mazungumzo ya kila siku ni hofu ndogo tu. Katika tiba ni kundi la magonjwa ambayo ndani yake hofu haina kipimo: moyo kwenda mbio, kutokwa jasho, kushindwa kulala, kungojea balaa lisilo na jina. Wengi wenye sonona wana wasiwasi pia. Kiwewe, ambacho zamani kilikuwa bumbuwazi la ghafla, sasa kinatumika kwa maradhi yanayomfuata mtu aliyeponea vita, ubakaji au ajali, akawa anarudishiwa tukio hilo katika ndoto na hata akiwa macho.

Ugonjwa wa bipola huonekana kama sonona kwa nusu yake moja. Mgonjwa hushuka, kisha wakati mwingine hupanda kupita kiasi: halali na hachoki, anatumia fedha ovyo, anajiona hana anayemzidi. Kuujua mapema ni lazima, kwa sababu dawa za sonona zikitolewa peke yake kwa mtu huyo zinaweza kumrusha juu. Skizofrenia iko mbali zaidi. Dalili zake kuu ni kusikia sauti zisizokuwapo na kushikilia imani zisizo na msingi.

Magonjwa haya yote hukusanywa chini ya mwavuli wa “magonjwa ya akili”, na hapo kuna tatizo. Akili, kwa Mswahili, ni ujuzi wa kufikiri na kupambanua. Mgonjwa wa akili basi ni aliyepungukiwa nao, na jirani wa jina hilo ni wazimu, neno lenye undugu na mizimu. Mama mwenye sonona anayepika, anayehesabu fedha zake sawasawa na anayejua leo ni Jumanne hajioni humo, na hawezi kukubali kupelekwa Mirembe, hospitali ya Dodoma iliyojengwa mwaka 1927, au Mathari ya Nairobi, ambazo majina yake mitaani yamekuwa matusi. Jina mahususi linampa njia ya kuingia bila kupita mlango huo.

Jinsi inavyotambuliwa

Wazo la ugonjwa huu ni la kale. Waganga wa Ugiriki waliomfuata Hippocrates waliutaja kuwa ni wingi wa nyongo nyeusi, moja ya majimaji manne waliyoamini kuwa yanaongoza mwili, na matabibu wa ulimwengu wa Kiislamu, Ibn Sina akiwamo, waliiendeleza nadharia hiyo. Kiswahili kimehifadhi mabaki yake katika safura, inayotokana na jina la nyongo ya manjano, na balghamu.

Utambuzi wa sasa hauna kipimo cha damu. Mwongozo wa wanasaikiatria wa Marekani, toleo la 5 la mwaka 2013, unataka dalili 5 kati ya 9 ndani ya wiki mbili zile zile: huzuni kutwa nzima, kutopendezwa na lolote, kupungua au kuongezeka kwa hamu ya chakula au uzito, kukosa usingizi au kulala mno, kuzubaa au kuhangaika kunakoonekana na wengine, uchovu, kujiona hufai au kujilaumu, kushindwa kukaza fikra au kuamua, na mawazo ya kufa. Moja ya dalili mbili za kwanza lazima iwepo. Dodoso la PHQ-9, ambalo lina tafsiri ya Kiswahili, hugeuza dalili hizo kuwa maswali 9 yenye alama 0 hadi 3. Jumla ya 10 kati ya 27 humfanya mhudumu achunguze zaidi.

Katika zahanati, hata hivyo, mgonjwa haanzi na neno huzuni. Husema kichwa kizito, mwili hauna nguvu, moyo unakwenda mbio, usingizi umepaa. Au husema tu “nina mawazo mengi”. Hupimwa malaria, hukutwa hana, na huenda akapewa dawa hivyo hivyo. Mhudumu anayejua istilahi huuliza maswali mawili ya ziada: hali hiyo imeanza lini, na ni kitu gani alichokuwa akikipenda ambacho sasa hakina ladha. Huuliza pia, bila kuzunguka, kama amewahi kufikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii mtu wazo. Mara nyingi humpa nafasi ya kwanza ya kulitua. Kabla ya kuhitimisha huangalia mambo yanayofanana na sonona au kuichochea, kama vile upungufu wa damu, tezi ya shingo iliyolegea na pombe.

Chanzo si kimoja. Urithi wa familia, misiba na dhuluma za utotoni, umaskini, upweke na maradhi sugu huchangia kwa pamoja. Maelezo yaliyoenea zamani, kwamba ubongo umepungukiwa serotonini basi, hayatoshi.

Njia za tiba

Tiba ya mazungumzo ndiyo ya kwanza kwa sonona nyepesi na ya kati. Aaron Beck wa Philadelphia, katika miaka ya 1960, aliona wagonjwa wake wana mtiririko wa mawazo ya haraka wasiyoyahoji: sifai, hakuna anayenijali, kesho itakuwa kama leo. Tiba aliyoiunda humfundisha mgonjwa kuyakamata mawazo hayo, kuyapima kwa ushahidi na kurudia hatua kwa hatua shughuli alizoziacha. Njia nyingine, tiba ya mahusiano, huangalia msiba, ugomvi, mabadiliko ya maisha na upweke vilivyotangulia ugonjwa.

Tiba hii ya mahusiano ilifanyiwa jaribio maarufu Uganda, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, na matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Watafiti walianza na maneno. Waliwauliza wanavijiji wanaitaje hali hiyo, wakapata majina mawili ya Kiganda, moja lenye maana ya kujichukia na jingine la kujihurumia, na dalili zake zikalingana kwa sehemu kubwa na zile za vitabu. Kisha vikundi vilikutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16, vikiongozwa na watu wa pale pale waliofunzwa kwa wiki mbili. Mwishoni, waliobaki na sonona kali walikuwa asilimia 6.5 katika vijiji vilivyopata tiba, na asilimia 54.7 katika vile ambavyo havikupata.

Zimbabwe ilipata funzo kama hilo. Mwaka 2006, Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili mjini Harare, aliwafunza akina bibi wahudumu wa afya kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Benchi lilipoitwa la afya ya akili watu walilikwepa. Mabibi wakataka liitwe la kupeana ushauri, na watu wakaja. Ugonjwa wenyewe waliuita kwa Kishona kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, ndugu wa “mawazo mengi” ya Waswahili.

Dawa huhitajika zaidi sonona inapokuwa ya kati au kali. Ya kwanza katika kundi kubwa la dawa hizi, imipramini, ilitambuliwa Uswisi na Roland Kuhn katika miaka ya 1950 alipokuwa akiijaribu kwa ugonjwa mwingine. Fluoksetini iliidhinishwa Marekani mwaka 1987. Hiyo na amitriptilini zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Nafuu huchukua wiki kadhaa, wakati madhara madogo kama kichefuchefu huja siku za mwanzo. Asiyeambiwa hilo huacha dawa kabla haijafanya kazi. Anayepata nafuu hushauriwa kuendelea kwa miezi 9 hadi 12, kisha kupunguza polepole chini ya uangalizi. Amitriptilini ikizidishwa ni sumu kwa moyo, hivyo mwenye mawazo ya kujiua hapewi vidonge vingi kwa mara moja.

Tiba ya mshtuko wa umeme ilianza Roma mwaka 1938. Siku hizi mgonjwa hulazwa kwa dawa ya usingizi na misuli hulegezwa kwanza. Hutumika kwa sonona kali mno, hasa mgonjwa anapokataa kula au dawa zinaposhindwa, na huleta nafuu haraka ingawa huweza kuvuruga kumbukumbu kwa muda.

Katika nchi za kipato cha chini na cha kati, zaidi ya asilimia 75 ya wenye matatizo ya afya ya akili hawapati tiba yoyote. Wataalamu ni wachache na dawa hazifiki kila zahanati. Lakini hata palipo na vyote viwili, mgonjwa anapaswa kwanza kulitaja linalomsumbua, na ndugu zake walisikie wasije kulichukua kuwa uvivu au shetani.

Sonona inaifanya kazi hiyo mradi itumike kwa ugonjwa peke yake. Mtangazaji akisema mashabiki wamepata sonona kwa sababu timu imefungwa mabao matatu, ameirudisha kwenye kapu la majonzi na simanzi. Mashabiki wamesononeka, kitenzi kipo na kinawatosha.