MWANDISHI WA VITA VYA CHIMURENGA

Tangu miaka ya 1960, vyama vya ukombozi wa Kusini mwa Afrika vilikuwa na ofisi Dar es Salaam, na waandishi wa habari kutoka nje wakavifuata. Miongoni mwao alikuwa David Martin, Mwingereza aliyeliandikia gazeti la The Observer la London. Mwaka 1974, Amin angali madarakani, alitoa kitabu kuhusu mauaji ya Uganda. Zimbabwe ilipopata uhuru mwaka 1980, alihamia huko, akaanzisha na Phyllis Johnson shirika la kuchapisha vitabu.

Hapo ndipo walipolifufua shauri la Herbert Chitepo, Mwenyekiti wa ZANU, aliyewahi kuwa Mkurugenzi wa Mashtaka wa Tanganyika. Aliuawa Lusaka kwa bomu lililotegwa garini mwake, tarehe 18 Machi, 1975. Tume ya Zambia iliwalaumu wenzake. Makamanda wakatiwa kizuizini na vita vikazorota, jambo ambalo adui hakuwa amelipata kwa mtutu wa bunduki.

Mwaka 1985 Martin na Johnson waliandika kwamba waliotega bomu ni majasusi wa Rhodesia. Martin alikuwa karibu mno na ZANU, na baadhi ya wanahistoria hawakuridhika. Alipofariki mwaka 2007, ubishi huo ulikuwa haujakwisha.