Jinsi Walivyoteuliwa Mabwana Shauri

Katika zama za utawala wa Kiingereza, mkazi wa Tanganyika aliyepeleka daawa yake ya shamba au ya mifugo mbele ya Bwana Shauri, yaani afisa wa wilaya, alihukumiwa na mtu ambaye naye, kabla ya kuvuka bahari, alikuwa amehukumiwa katika afisi moja mjini London. Na namna hukumu ile ya kwanza ilivyopitishwa yastahili kutazamwa kwa makini na kila anayeketi leo na hati za waombaji kazi mbele yake.

Dola ya Kiingereza ilikuwa na njia mbili za kuwateua watumishi wake wa ng'ambo. Sheria ya mwaka 1853 iliwavua wakurugenzi wa Kampuni ya India Mashariki mamlaka ya kuwagawia jamaa na marafiki zao vyeo, na tangu 1855 nafasi za utumishi wa India zikawa za kushindaniwa kwa mtihani wa maandishi, ambao mwaka 1863 Satyendranath Tagore alikuwa Mhindi wa kwanza kuufaulu. Walakini mtihani huo uliendelea kufanywa London peke yake hata mwaka 1922, na mwaka 1878 upeo wa umri ukashushwa kutoka miaka 21 hadi 19, hivyo kijana wa Calcutta akalazimika kusafiri angali mdogo, kwa gharama ya wazazi wake, akashindane katika lugha ya wenyewe na vijana waliozaliwa nayo.

Kwa Afrika ikafuatwa njia ya pili, yaani usaili. Mtu aliyeushika kwa muda mrefu alikuwa Ralph Furse, aliyeingia Afisi ya Makoloni mwaka 1910, akaenda vitani, akarejea 1919, na hakustaafu ila mwaka 1948. Insafu yatutaka tuseme kwamba hakuwa mla rushwa wala mzembe: aliandikiana na walimu wa Oxford na Cambridge, akakusanya barua za sifa kutoka kwa wakuu wa shule, kisha akamwita mwombaji, akamtazama uso na mwenendo, kwa kuwa aliamini kwa dhati kwamba tabia ya mtu atakayekaa peke yake bara, mbali na mkubwa wake, haiwezi kupimwa kwa karatasi. Rai hiyo ina ukweli ndani yake, na mimi siibezi.

Lakini tabia hiyo ilipimwa kwa mizani gani? Furse mwenyewe alisoma shule ya Eton na chuo cha Balliol, na sifa alizozitukuza, kama vile kuwaongoza wanafunzi wenzake, uhodari wa viwanjani, utulivu wa mazungumzo na adabu ya nyumba njema, ndizo zilizolelewa katika shule za namna ile aliyolelewa yeye. Basi msaili alipomwona kijana aliyefanana naye, alidhani ameuona wema wenyewe, na kijana mwenye akili na subira aliyetoka nyumba ya fundi au mchuuzi hakuwa na wa kumwandikia barua. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo dhulma ilipoingia, pasipo mtu yeyote kuikusudia, na kwa hiyo pasipo mtu yeyote kuitafuta.

Mwaka 1930 kamati iliyoongozwa na Warren Fisher ilipendekeza iundwe bodi ya uteuzi, ili cheo kisionekane tena kuwa hisani ya waziri wa makoloni. Bodi ikaundwa, ila usaili na barua za faragha vikabaki kuwa nguzo zake, na Waafrika waliotawaliwa na wateule hao hawakuwa na neno katika uteuzi wao.

Mtihani wa maandishi nao ulikuwapo, ila ulikuja baadaye. Tangu mwaka 1926 wateule walipewa mafunzo Oxford au Cambridge kabla ya safari, na wakishafika walitakiwa kufaulu sheria na lugha ili wathibitishwe kazini. Maana yake ni kwamba kuwasikiliza watu kwa lugha yao, jambo ambalo bila yake hakuna baraza, kulipimwa baada ya cheo kwisha kutolewa, na katika muda huo wote mashauri ya wenyeji yalimfikia bwana yule kwa kinywa cha mkalimani.