Mwenye karo na kisima chake: je, analazimika kujiunga na mabomba ya mji?



Tunaulizwa mara nyingi na ndugu zetu wa Mjini Unguja, khasa mitaa ya Ng'ambo: mtu ana karo lake na kisima chake, na vyote vinafanya kazi. Ikipitishwa mtaani njia ya maji ya mfereji na ya maji machafu, je, analazimika kisharia kujiunga na kutoa gharama?

Tuanze na hali ilivyo. Karo lililojengwa sawasawa lina chumba kisichovuja ambamo uchafu mzito hutuama, kisha maji yanayobaki huingia shimo jengine na kuzama ardhini. Makaro yetu mengi hayana sakafu. Ni shimo lililozungushiwa matofali basi. Na sehemu kubwa ya kisiwa hiki ni mawe ya matumbawe yenye nyufa, na maji tunayochota yamo humo humo. Wataalamu hutaja mita 30 baina ya choo na kisima, na chini ya shimo pawe angalau mita 1.5 juu ya usawa wa maji. Penye mawe ya nyufa hata masafa hayo huenda yasitoshe. Ng'ambo, nyumba zimegusana kuta. Mita 30 ni karo la jirani wa tatu.

Hapa huja hoja tunayoisikia sana: "Sheikh, maji yangu hayajabadilika rangi, ladha wala harufu, na ni zaidi ya qullatayn, basi ni twahara." Kauli hiyo ni sahihi katika madhehebu ya Imaam Ash-Shaafi'iy. Qullatayn wengi wameikadiria karibu lita 200, na kisima kina zaidi ya hizo. Msingi wake unatiliwa nguvu na Hadiyth ya kisima cha Budhwaa'ah cha Madiynah, iliyopokewa na Abu Daawuud na At-Tirmidhiy. Atawadhe na asali, wudhuu wake ni sahihi.

Lakini twahara ni hukumu ya ibada. Kunywa kuna hukumu yake, nayo hufuata madhara. Vijidudu vya kipindupindu havibadilishi rangi wala harufu. Tena kuna naitreti itokayo kwenye makaro: Shirika la Afya Duniani limeiwekea kikomo cha miligramu 50 kwa lita, na kuchemsha hakuiondoi, bali huizidisha kwa kuwa maji hupungua. Anayeathirika zaidi ni mtoto mchanga anayekorogewa maziwa kwa maji hayo. Ikithibiti kwa vipimo kuwa maji yanadhuru, haijuzu kumnywesha mtu, hata yakiwa twahara.

Ama kujiunga, tunaona hivi. Kupita bomba tu mbele ya nyumba hakumlazimishi mtu. Karo lake likiharibu kisima cha mwenzake, hapo ni wajibu kuondosha madhara, kwani Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) amekataza kudhuru na kudhuriana. Suala hili si geni: Majalla ya Dola ya Uthmaniya, kifungu cha 1212, inasema kwa maana kuwa mwenye shimo la uchafu lililoharibu kisima cha mwengine huondosha madhara hayo, na isipowezekana shimo hufukiwa. Pia serikali ikiamrisha kwa maslahi ya wote, hutiiwa.

Gharama ni za mwenye nyumba, kwa kuwa manufaa ni yake. Masikini asiyeweza anaweza kupewa zaka mkononi mwake, naye akajilipia. Kuitumia zaka kuchimbia mitaro ya mtaa mzima, jamhuri ya wanazuoni hawalikubali. Hilo ni la hazina ya serikali, sadaka na wakfu. Bomba likipita ardhi ya wakfu, msimamizi wake aulizwe kabla ya kuchimbwa.

Wenye kupanga nao wana dhamana. Mfereji ukiletwa peke yake, matumizi ya maji huongezeka na makaro hufurika uchochoroni. Njia mbili hizi ziende pamoja. Bomba la maji safi liwe juu na mbali na la maji machafu, kwa sababu maji yanapokatika bomba lenye ufa huvuta kilicho nje yake. Tena mabomba ya Mji Mkongwe yamekuwa yakimwaga baharini bila ya kusafishwa. Kuyarefusha hadi Ng'ambo bila ya mtambo wa kusafisha ni kulitoa dhara kisimani na kulipeleka kwa wavuvi na watoto wanaooga ufukweni.

Tukumbushe kuwa mji huu ulipigwa na kipindupindu 1869 na 1870, na ni Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliyeyaleta mjini maji ya chemchem za upande wa Bububu. 

Aliyekwisha kujiunga asiliache karo la zamani tupu na mfuniko mbovu. Litapishwe, lijazwe kifusi. Na aliyechimba shimo katika njia ya watu bila ya idhini, kwa maslahi yake, akatumbukia mtu, anadhamini.

Na Allaah Anajua zaidi.