Mrija na Mfuko: Pumzi ya Kwanza ya Mtoto katika Nchi ya Waha

Katika nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, Tanzania, nchi ya Waha, kuanzia Kasulu hadi Kibondo, mrija wa kupumulia, yaani mpira mwembamba unaopitishwa mdomoni au puani hadi ndani ya bomba la hewa, umekuwa kifaa cha chumba cha upasuaji kuliko cha wodi ya wazazi, na watoto wengi waliozaliwa bila kulia wamesaidiwa kwa njia nyingine. Sababu si umaskini wa vifaa peke yake, kwani mrija wenyewe ni wa bei ndogo. Kilicho adimu ni mkono uliozoea kuuweka.

Ulaya ilianza kuujaribu mapema. Mwanzoni mwa karne ya 19 François Chaussier, mkunga wa kiume na mwanaanatomia wa Ufaransa, alitengeneza mrija wa chuma wa kuwapulizia hewa watoto waliozaliwa wamefifia, na mwaka 1935 Blaikley na Gibberd wa London walieleza jinsi ya kuupitisha huku tabibu akiiona njia. Hatari, hata hivyo, haikuondoka. Bomba la hewa la mtoto aliyezaliwa miezi ikiwa imetimia lina urefu wa sentimita 4 hivi, kwa hiyo mrija ukizidi kidogo tu huingia pafu la kulia na kuliacha la kushoto bila hewa, na ukikosea njia huingia umio, yaani njia ya chakula, ukajaza tumbo upepo wakati mapigo ya moyo yanazidi kushuka. Ndiyo maana kila jaribio hutakiwa lisipite nusu dakika, na hata katika hospitali tajiri za Marekani karibu nusu ya majaribio ya kwanza hushindwa.

Huko Kigoma, hatua kubwa ilianza upande wa mama. Kati ya 1984 na 1991 Dk. Godfrey Mbaruku aliongoza katika hospitali ya mkoa mageuzi yaliyoshusha vifo vya wazazi kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000, na kuanzia 2006 mradi uliofadhiliwa na Bloomberg Philanthropies ukavipa vituo vya afya vya vijijini uwezo wa kufanya upasuaji wa uzazi, ukiwategemea madaktari wasaidizi na wauguzi waliofunzwa kutoa dawa za usingizi. Kwa upasuaji huo mrija na laringoskopu, kifaa chenye taa na ulimi wa kuinulia ulimi wa mgonjwa, vina nafasi yao, lakini ni kwa ajili ya mama. Na kwa kuwa mara nyingi sindano ya ganzi ya mgongoni hutosha, hata mtoa usingizi hapati mazoezi mengi, sembuse ya koo la mtoto wa kilo 2.

Kilichofika wodini ni mfuko wa kubinywa na kinyago chake. Mwaka 2009 Tanzania ilianza kuwafundisha wakunga, kwa kutumia mwanasesere wa mazoezi, mpango wa kumsaidia mtoto kupumua ndani ya dakika ya kwanza: kumkausha, kumsugua, na asipopumua, kumpa hewa kwa mfuko. Katika hospitali 8 zilizofuatiliwa, vifo vya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47, matokeo yaliyochapishwa 2013, na mrija haukuwamo katika mafunzo hayo. Somo hili lilikuwa na uzito wa pekee katika mkoa ambao pia umewapokea wakimbizi, kuanzia Warundi wa 1993 na Wakongo waliofika kambi ya Nyarugusu 1996 hadi Warundi wa kambi ya Nduta, Kibondo, mwaka 2015, ambapo uzazi ulikuwa mwingi na wataalamu wachache.

Jaribio la njia ya kati, baina ya mrija na kinyago cha usoni, lilifanywa katika hospitali ya Mulago, Kampala, ambako wakunga walitumia kinyago kidogo kinachokaa juu ya zoloto, yaani kisanduku cha sauti, bila kuhitaji kuchungulia kooni. Matokeo ya watoto 1,163, yaliyotolewa 2020, hayakuonyesha kwamba kinyago hicho kiliokoa zaidi ya kile cha usoni, ingawa wakunga waliweza kukitumia kwa usalama, jambo ambalo si dogo.

Tena mrija huleta deni. Mtoto aliyewekewa mrija Kibondo huhitaji mashine ya kupumulisha, oksijeni isiyokatika na muuguzi wa kufyonza ute, na pasipo mashine hiyo hupelekwa kwenye hospitali kubwa kama Bugando, Mwanza, huku mtu mmoja ndani ya gari la wagonjwa akiubinya mfuko kwa mkono na mwingine akiushikilia mrija usichomoke kwenye kila shimo la barabara.