Kizazi cha maziwa ya Nyayo kilipofika chuo kikuu

Muulize Mkenya aliyepita miaka hamsini kuhusu maziwa ya Nyayo, halafu vuta kiti, maana hatanyamaza upesi. Atakueleza pakiti ya pembe tatu, mililita 200, na jinsi walivyoing'ata kona na kufyonza mpaka ikabonyea. Mpango huo ulianza 1979, mwaka mmoja baada ya Moi kuwa rais: maziwa ya bure kwa watoto wa shule za msingi.

Swali ambalo hatuulizi ni hili: watoto hao walipofika chuo kikuu, walikunywa nini?

Tupige hesabu. Kundi la kwanza la 8-4-4 liliingia chuo kikuu 1990. Rudi nyuma: kidato cha nne 1989, darasa la nane 1985. Basi, kama hukurudia darasa, mwaka 1979 ulikuwa darasa la pili. Yaani hawa ndio waliokua na pakiti mkononi.

Waliowatangulia chuoni walikula mess kwa gharama ya serikali, na juu yake wakapewa pesa za mfukoni, ile "boom" maarufu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali, ikisukumwa na Benki ya Dunia, ikaleta kugawana gharama. Boom ikaondoka. Mess nayo ikawa ya kulipa kabla ya kula: kila sahani na kila kikombe kina bei yake. Wanafunzi wakagoma, vyuo vikafungwa, na historia nyingi za kipindi hicho huishia hapo, kwenye mawe na gesi ya machozi. Mimi naona kikombe kina habari kubwa kuliko mawe.

Kwa sababu maziwa yenyewe yalikuwa yanabadilika. Kwa miaka mingi KCC, iliyoanzishwa 1925, ndiyo iliyoruhusiwa kusindika na kuuza maziwa mijini, kwa bei iliyopangwa na serikali. Mwaka 1992 bei ikaachiliwa. Mwaka uliofuata mfumuko wa bei nchini ukafika karibu asilimia 46. Sasa fikiria mwanafunzi mwenye shilingi chache mbele ya dirisha la mess. Anaacha nini? Si ugali. Njaa ya ugali unaisikia saa nane mchana. Upungufu wa kalsiamu hausikii hata kidogo. Kwa hiyo maziwa ndiyo yanayotoka kwanza, na hayatoki kwa kishindo. Chai ya nusu kwa nusu inakuwa ya kutiwa tone tu, kisha inakuwa sturungi.

Tone hilo lina uzito gani? Mililita 100 za maziwa ya ng'ombe zina takriban miligramu 120 za kalsiamu. Pakiti ya Nyayo, basi, ilibeba kama 240. Chai yenye mililita 50 za maziwa inakupa 60, na mtu mzima anashauriwa kupata kama 1,000 kwa siku. Ubaya ni umri: mifupa huendelea kuongeza uzito wake mpaka miaka ya ishirini na kitu, yaani miaka ileile ya chuo.

Lakini tusiwalilie kupita kiasi. Sukuma wiki, mboga ya mfuko mtupu, ina kalsiamu ambayo mwili huinyonya vizuri, na omena huliwa na mifupa yake. Aliyekula sukuma kila jioni kwa sababu hana pesa alikuwa anajisaidia bila kujua. Protini ndiyo iliyokuwa ngumu zaidi kuziba, hasa kwa asiyekula maharagwe. (Na tuwe wakweli, maharagwe ya mess yalihitaji moyo.)

Huku nyuma, mpango wa Nyayo ukafa mwishoni mwa miaka ya 1990, na KCC ikaporomoka na madeni, wafugaji wakidai malipo yao. Serikali ikaichukua tena 2003, ikawa New KCC. Kati ya hapo soko lilibaki kwa mchuuzi wa mtungi, maziwa mabichi ambayo usipoyachemsha yanaweza kukupa brusela.

Leo karibu na hosteli nyingi kuna mashine ya maziwa, "ATM". Unaleta chupa yako, unaingiza shilingi ulizo nazo, inakupimia za hizo tu. Mwenye ishirini anaondoka na za ishirini. Jioni utaona foleni ya wanafunzi, chupa za soda mkononi.